Laptopu Inarudi Jumapili

Nauza kahawa na kashata Bombambili, hapa Songea, mbele ya kituo cha bodaboda. Binti yangu Dorine amemaliza kidato cha nne, anajifunza kutengeneza tovuti. Duka moja la mbolea kule Mshangano limemwahidi kazi, ila kwanza awaoneshe ukurasa ambao mkulima anaagizia mbolea na oda ikabaki imehifadhiwa. Laptopu ameazimwa na shangazi yake, inarudi Jumapili. Alhamisi asubuhi alikuwa hajaandika hata mstari mmoja, maana alikosea jambo moja tu: aliwauliza wateja wangu aanze na lugha gani ya kompyuta.

— PHP imezeeka, alisema Kajetani wa bodaboda, tunayemwita Bando kwa kuwa simu haimtoki machoni. Nimeona video. Dunia yote iko kwenye Node. Inahudumia watu elfu kwa mpigo.

— Wewe abiria wawili tu wanakushinda, alisema Hironimus, karani mstaafu, jina la kijiweni Katiba. Dorine, anza na Python. Ndiyo inayoendesha hata ndege.

— Ndege zipi, mzee?

— Zote zinazotua salama.

Dorine akaandika daftarini.

— Ila zote ni za bure, akasema. Na ndani ziko wazi, yeyote anaweza kuona zilivyoandikwa.

Abdulatifu, mnunuzi wa korosho kutoka Tunduru, akaweka kikombe chini.

— Subhanallah! Mtu akupe mali bure, halafu akufungulie na ghala uchungulie? Huyo ana lake.

— Wanasaidiana tu, baba.

— Miaka ishirini nanunua korosho. Sijakutana na wa kusaidia tu.

— Wanatuhesabu, alidakia Bando. Ukipakua tu, wanajua Songea tuko wangapi.

— Basi apakue mara elfu, alisema Katiba, tupandishwe tuwe jiji.

Wakacheka. Jua lilishapanda na daftari lilikuwa limejaa.

Akafika jirani yangu Skolastika, jembe begani, akitoka shambani. Akawaamkia wazee, akapokea kahawa, nikamsimulia.

— Sasa akikwama leo mchana, akauliza, anamwendea nani hapa?

Bando akatazama simu. Katiba akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Video zipo, alisema Bando.

— Ukiziuliza zinakujibu? akauliza Skolastika.

Dorine akafunga daftari.

— Dada Rosemary wa stesheneri anatumia PHP, alisema Dorine. Alitengenezea kwaya yao orodha ya wanakwaya.

— Si nimesema imezeeka!

— Rosemary yuko mbali? nikauliza.

— Nyuma ya ukuta huu, mama.

Nikamjazia kikombe cha kumpelekea Rosemary, na daftari nikabaki nalo mimi.

Ijumaa jioni ukurasa ulifunguka: jina, simu, idadi ya mifuko. Bando akaomba kuujaribu. Akaandika, akabonyeza, wote wakainama kusoma: Hironimus Katiba, mifuko mia tisa. Oda imehifadhiwa.

— Ifute! Katiba akasimama.

— Kufuta bado sijafundishwa, babu.

Jumamosi akaenda na laptopu kwenye duka la mbolea hivyo hivyo. Jumapili alirudisha laptopu akiwa na kazi. Ukurasa waliupenda, alisema, lakini kilichowafurahisha zaidi ni kuona ameshawaletea mteja mkubwa namna ile.