Shangazi Abiria Ameshuka

Kabla ya yote ifahamike kwamba anayeandika haya ndiye dereva hodari kuliko wote waliowahi kukanyaga gia katika chuo hiki cha pikipiki, na katika vyuo vingine ambavyo bado havijajengwa. Nikikata kona, upepo unanipisha. Katibu wa chuo ameniruhusu kujisifu kidogo tu, akanionya kwamba jarida hili si la kwangu. Basi, nimemaliza. Tuingie kwa mwenye siku yake.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, Shangazi Abiria alistaafu baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka ishirini na minne. Kazi yake ilikuwa moja, na sijasikia mtu mwingine aliyeajiriwa kuifanya: alikuwa abiria. Wala hakuwa abiria wa kwenda mahali. Alikuwa abiria wa mtihani. Mwanafunzi hapewi koti la njano la kubebea watu mpaka ampandishe Shangazi, amzungushe uwanja, amshushe, na Shangazi mwenyewe aseme, "Huyu apite." Wapo wakubwa wa vituo vya pikipiki mjini, leo wana vitambi na funguo nyingi kiunoni, ambao walisimama mbele ya mama huyu wakitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nawafahamu. Wakinilipia chai sitawataja.

Hakuanza hivyo. Alikuja chuoni kama mfagizi wa uwanja. Siku hizo Mwalimu Mkuu, ambaye bado tunaye na bado ana filimbi yake, alifundisha kubeba abiria kwa gunia la mchanga. Gunia linafungwa kamba kwenye kiti cha nyuma, mwanafunzi anazunguka, anafaulu, anapigiwa makofi, kisha anaingia barabarani kuangusha binadamu. Shangazi akaegemea ufagio, akacheka mpaka filimbi ikapulizwa.

"Nini kinakuchekesha, mama?"

"Mwalimu, hilo gunia mmelipandisha wanaume watatu na mkalifunga. Mtu naye mtamfunga?"

"Haya, panda wewe basi tuone!"

Akapanda. Akapandia kulia, kule kule ambako bomba la moshi huwaka kama pasi, akaungua kigimbi. Aliporuka kwa maumivu, mwanafunzi akashtuka, akainua mguu aliokuwa ameukanyagia chini, na pikipiki ikalala na watu wake. Mwalimu Mkuu alikimbia kumwinua. Wanaokumbuka wanasema Shangazi, bado yuko chini vumbini, alinyoosha kidole na kusema, "Umeona? Gunia lisingekuambia hili." Wiki ile ile gunia lilipelekwa kwa mafundi waashi, na ufagio ukapewa mtu mwingine.

Tangu hapo alitengeneza somo lake mwenyewe, nasi tuliolipita tunalisema hata tukiwa tumelala. Mke wangu ni shahidi. Dereva kwanza: pikipiki imesimama kabisa, gia imetolewa, miguu yote miwili iko chini, breki ya mbele imebanwa. Hapo ndipo unaposema, "Panda." Abiria anatokea kushoto, anaweka mkono begani kwako, anakanyaga kikanyagio, anavusha mguu wa kulia, anaketi, anaweka nyayo zote mahali pake. Halafu yeye ndiye anayesema, "Nimeketi." Asiposema, huondoki, hata kama mama mkwe wako anakungoja na chakula kinapoa. Kushuka ni hivyo hivyo kwa kurudi nyuma, ila unatazama kwanza kama kuna gari linakuja. Na jambo ambalo alilisisitiza kuliko yote: wakati abiria anapanda au anashuka, dereva hasaidii. Hageuki, hamshiki mtu kiuno, hatoi mkono. "Wewe ni ukuta," alikuwa akisema. "Umewahi kuona ukuta unageuka kumsalimia anayeuegemea?"

Ni maneno mepesi. Shida ni kwamba Shangazi hakupanda kama Shangazi. Asubuhi ni bibi mwenye magoti mabovu na kuku hai kwenye kapu. Saa sita ni bwana harusi wa suruali ya kubana. Jioni ni mlevi, na ulevi wake ulikuwa mzuri hivi kwamba mlinzi mpya alimfukuza getini mara mbili. Siku ya mama mwenye mtoto, mtoto alikuwa mfuko wa unga uliofungwa mgongoni kwa shuka. Rafiki yangu mmoja, sasa ni fundi wetu wa magurudumu, aliondoka kabla ya kuambiwa "Nimeketi." Mfuko ukapasuka. Uwanja mzima ukawa mweupe, na katikati ya ule weupe sauti ya Shangazi ikapanda: "Jamani, ameshamwaga mtoto!" Mpaka leo fundi akichelewa kazini tunamuuliza kama alikuwa anamzoa mtoto.

Mimi binafsi alinikatalia koti mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote. Hilo nalihesabu kuwa sifa. Hakuna mtu mwingine aliyepata muda mrefu naye. Aliniita Spika, kwa sababu ya mdomo wangu, na kila nikishindwa nilikuwa na hoja. Barabara ilikuwa na kokoto. Jua lilinipiga machoni. Kuku amenidonoa. Siku moja alishuka, akavua helmeti, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Spika, mwanangu, unaendesha vizuri mno. Ila hata tukiwa wawili, wewe umepanda peke yako." Sikulala vizuri. Majuma yaliyofuata nikanyamaza, nikajifunza kuusikia mkono wake begani: ukiwa mzito anakaribia kuvusha mguu, ukiwa mwepesi amefika. Nikapita.

Ukitaka kujua kazi yake ilizaa nini, usiniulize mimi, nitatia chumvi. Muulize mkunga wa zahanati iliyo nyuma ya chuo. Zamani alikuwa akipokea wajawazito waliofika kwa pikipiki na magoti yaliyochubuka, akiwashona kwanza kabla ya kuwazalisha. Siku hizi, anasema, akiona koti letu la njano linaingia hata hanyanyuki. Anajua mama atashuka kwa miguu yake.

Lakini kupanda na kushuka kutwa kwa miaka yote hiyo kulikuwa na gharama yake, nayo ilimkaa kwenye nyonga. Mwaka huu alianza kuchechemea. Daktari akatazama picha, akamwambia mfupa umelika. Kazi ikome, asikalie kitu kifupi, na asipande kitu chochote kilicho juu kuliko kitanda chake. Akianguka tena, atatembea kwa magongo mpaka mwisho wa maisha yake.

Ndipo kikao cha kupanga sherehe ya kumuaga kikawaka moto. Sherehe ilikuwa ifanyike kwa dada yake, juu ya kilima, ambako Shangazi anahamia. Katibu akapendekeza gari. Shangazi alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wajukuu.

"Gari? Mimi nitoke chuo hiki kwa gari?"

"Shangazi, daktari amesema..."

"Daktari namheshimu. Nitapanda mara moja na nitashuka mara moja, tena kwa miguu yangu. Tangu nianze kazi hii sijawahi kupelekwa mahali. Nazungushwa uwanja tu kama ng'ombe wa mnada. Safari hii nataka kufika!"

Kila mtu akataka awe yeye wa kumbeba. Mwalimu Mkuu akasema cheo kinamruhusu. Fundi akasema pikipiki yake ndiyo fupi. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama juu ya benchi nikieleza vipaji vyangu. Shangazi akagonga meza.

"Nipeni Spika. Huyu nimemfelisha kuliko wote, kwa hiyo bega lake ndilo ninalolijua."

Jamani, ile Ijumaa! Madereva walijipanga kutoka getini hadi barabara kuu, makoti yanang'aa, honi zinalia mpaka mbwa wa jirani wakakata tamaa ya kubweka. Nilisimamisha pikipiki, gia nje, miguu chini, breki nimeibana mpaka vidole vinaniwasha. Nikasema, "Panda." Mkono ukaja begani. Ukawa mzito. Nyuma yangu nikasikia pumzi yake inakatika, nikatazama mbele kama niliyegandishwa. Halafu ukawa mwepesi. "Nimeketi," akasema, na uwanja ukalipuka.

Tukapanda kilima. Nilikwenda taratibu hata baiskeli zikatupita, na wenye baiskeli wakanizomea, mimi, nikawaacha. Nikimaliza kona moja nasikia nyuma, "Loo, kumbe huku kuna maduka!" Kona nyingine, "Tazama, mji wote uko chini!" Alikuwa anacheka kama msichana aliyetoroka shule. Mwalimu Mkuu alitufuata kwa pikipiki yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliisahau filimbi.

Mlangoni kwa dada yake palikuwa pamejaa: wafanyakazi, mkunga, daktari mwenyewe amekunja mikono, na dada mtu, mnene kama yeye, machozi tayari. Nikasimama palipo tambarare. Gia nje. Miguu chini. Breki. Nikatazama nyuma kwenye kioo, hakuna gari. "Shuka, Shangazi."

Mkono ukaja. Akasimama kwenye vikanyagio. Mguu wa kulia ukapanda juu ya kiti, na katikati, ukakwama.

Nilijua kabla ya watu kujua, maana mkono wake haukuwa mzito wala mwepesi, ulikuwa unatetemeka. Nyonga ilikuwa imekataa. Mama wa watu amebaki juu, mguu mmoja hewani, na chini yake ni lami.

"Mshike!" dada yake akapiga kelele. "We kijana, geuka umshike dada yangu!"

"Geuka, Spika!" hata fundi.

Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kugeuka. Mimi ndiye mtu wa kwanza kugeuka mjini hapa hata akiitwa mwingine. Lakini nikigeuka pikipiki inainama, na ikiinama anaanguka upande ule ule wa nyonga mbovu. Nikabana breki. Nikakaza magoti. Watu wananiita mpumbavu, mimi natazama mlango wa bluu uliokuwa mbele yangu, nikijiambia ukuta, ukuta, ukuta. Dada yake akaja mbio mikono mbele.

"Mwacheni!" Shangazi akasema juu yangu, sauti nyembamba lakini imara. "Mtoto yuko sawa. Mwacheni hivyo hivyo."

Akavuta pumzi. Akahamisha uzito wake wote begani kwangu. Nilidhani mfupa wangu ndio utakaokwenda kupigwa picha. Halafu polepole, polepole, mguu ukavuka, ukashuka, ukagusa lami. Ukafuata wa pili. Akasimama wima kando ya pikipiki, akavua helmeti, akamwambia daktari, "Nimeshuka."

Sijawahi kusikia shangwe ile. Vigelegele, honi, mkunga anarukaruka, Mwalimu Mkuu analia waziwazi na kusingizia vumbi. Daktari alipiga makofi kama tulivyopiga sisi.

Shangazi, kwa niaba ya chuo kizima, asante. Asante kwa kigimbi chako, kwa unga wako, kwa kutukatalia mpaka tukastahili. Watu wanaofika makwao leo bila kuchubuka hawakujui, nawe hukuwahi kuwadai salamu. Tunakuombea nyonga itulie, wajukuu wakutii, na asubuhi zako zisiwe na filimbi. Uishi vyema na uishi sana.

Limebaki moja, na katibu amesema nisipoliandika mimi ataliandika yeye. Zawadi yetu kwake ilikuwa kiti. Seremala alikitengeneza kwa vipimo vya daktari, kirefu, chenye mikono imara pande zote mbili, ili mwenye nyonga mbovu akae bila kujikunja. Kilikuwa kimewekwa karibu na pikipiki, upande wa kulia, asipate taabu ya kutembea. Kumshusha abiria nimefundishwa. Dereva kushuka na kuweka stendi ni somo la Mwalimu Mkuu, la asubuhi na mapema, na asubuhi zile nilikuwa nachelewa. Kwa furaha niliachia breki, nikaruka kushoto kumkumbatia Shangazi, na pikipiki ikaangukia kiti ikakivunja miguu miwili. Mabenchi yote yaliyokuwapo yalikuwa mafupi. Hotuba zilikuwa nyingi, na ya mwenyekiti wa bodi ilikuwa ndefu. Shangazi alizisikiliza zote akiwa amesimama.