Karanga Mara Tatu

— Wewe ukiambiwa acha, unaacha?

Swali halikuwa na salamu mbele wala nyuma, na lilimkuta Nusu akiwa na kikombe njiani kwenda mdomoni. Aliyeuliza ni Kidole, mwanafunzi wake wa mwaka wa pili. Alikuwa bado amesimama, mkoba begani, simu mkono huu na karatasi iliyokunjwa mkono ule.

Benchi lenyewe liko nyuma ya jengo la kompyuta, pale viyoyozi vya maabara vinapotemea joto lao, na mguu wake mmoja ulikwisha kufa zamani ukawekewa kasha la kompyuta iliyostaafu. Bi Birika anauza kahawa hapo tangu jengo lilipokuwa bohari la viti vibovu, na husema kwamba viti vilikuwa na adabu kuliko waliovirithi. Mwisho mmoja wa benchi ni wa Wakili, mwenye kibanda cha fotokopi. Sheria hakuisomea, ila ametoa nakala za vitabu vyake vyote na anaona yatosha. Mwisho wa pili ni wa Profesa, mwanafunzi aliyeanza shahada kabla baadhi ya wahadhiri wake hawajaanza zao, na ambaye kila mwaka hubakiza somo moja tu. Katikati hukaa Nusu. Jina limetokana na cheo: ni mhadhiri msaidizi, anafundisha kama mwalimu na kutumwa kama mwanafunzi. Na Kidole aliitwa hivyo kwa sababu alifika chuoni hajawahi kugusa kompyuta. Programu zake za kwanza aliziandika kwenye simu, kwa kidole kimoja, na mpaka leo akifikiri sana kidole hicho hugongagonga hewa.

Sasa hivi kilikuwa kinagonga karatasi.

— Inategemea ni nani amekuambia, alijibu Nusu.

— Mshauri.

Benchi zima likageuka. Mshauri wa masomo wa idara alikuwa ameondoka kwenda kusoma ng'ambo, na tangu hapo ushauri ulikuwa ukiwafikia wanafunzi kwenye simu, umeandikwa vizuri, una heshima, hauna sahihi. Wanafunzi walimwita Mshauri: wengine wakaamini ni yuleyule anayeandika kutoka ng'ambo, wengine kwamba yupo ghorofani mahali fulani, mtu wa makamo, mpole, asiyependa kusumbuliwa. Nusu peke yake pale benchini ndiye aliyejua kwamba ghorofani hakuna mtu. Mkuu wa idara alikuwa amemwambia, "Wanafunzi wa mwenzetu uwashike mkono." Na mwandishi wa programu akiambiwa awashike mkono watu mia kadhaa, hashiki mkono wa mtu, anaandika programu ya kuwashika. Ya kwake ilisoma alama, ikachagua sentensi, ikatuma. Mkuu wa idara aliisifu kikaoni mpaka akakohoa. Wiki ijayo wangeipeleka mbele ya baraza la chuo, Nusu akiwa kando yake na tai, na baada ya hapo, iliaminika, ile nusu ingeondolewa kwenye cheo.

— Hebu soma alichokuandikia, alisema Wakili. Neno kwa neno. Usiruke hata mkato.

Kidole akasoma, taratibu, kama anayesoma majibu ya hospitali.

— "Baada ya kupitia mwenendo wako kwa makini, tunakushauri usiendelee na masomo ya programu. Kuna watu waliozaliwa kwa ajili ya kazi hii, na kuna waliozaliwa kwa ajili ya kazi nyingine. Karanga karanga karanga."

Kahawa ikapita njia isiyo yake. Nusu alikohoa mpaka macho yakamtoka maji, Bi Birika akampiga mgongoni kwa kiganja kilichozoea kubeba mkaa.

— Taratibu, mwanangu. Ipo nyingine.

Nusu alikumbuka yote, hata bakuli la karanga. Alikuwa ofisini peke yake, programu imekaribia kwisha, akataka kuona maandishi marefu yatakaaje kwenye skrini ndogo ya simu. Kwa jaribio hilo alihitaji jina refu kuliko yote darasani, na jina refu kuliko yote lilikuwa la Kidole: lake, la baba, la babu, na la yule babu wa babu ambaye ukoo haukukubali aachwe nje. Alihitaji pia sentensi ndefu. Akaandika ya kwanza iliyokuja vidoleni, kali, kwa kuwa hakuna ambaye angeisoma. Mstari haukujaa. Akaangalia kando ya kibodi, akaona anachotafuna, akakiandika mara tatu. Mstari ukajaa, ukakaa vizuri, akaufuta, akaenda nyumbani ameridhika. Njia ya kutuma alidhani ameifunga.

— Na hiyo karatasi? aliuliza Bi Birika.

— Fomu ya kuhama. Nakwenda Utawala wa Biashara. Leo ndiyo mwisho, na usajili wanafunga wakienda kula. Ukishahama, hurudi.

— Umeijaza?

— Bado sahihi. Kidole akakaa pembeni ya jiko, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shangazi yangu aligombana na ukoo mzima ili nije kusoma kompyuta. Walimwambia, mtoto mwenyewe hajawahi kuishika, ataisomaje. Sasa sijui nimpigie nimwambie nini. Kwamba walikuwa wamesema kweli?

— Usimpigie kwanza, alisema Wakili, akivaa miwani. Maandishi yana kanuni zake. Hapo mwanzo pako wazi, hapana ubishi. Shida ni hizo karanga. Neno likirudiwa mara tatu, hiyo ni hukumu imefungwa. Hata talaka ndivyo ilivyo.

— Ameachwa na nani sasa? aliuliza Bi Birika.

— Ameachwa na idara.

— Wewe unasoma juu juu, alidakia Profesa. Mimi nimekaa na watu hawa miaka. Mtu wa kompyuta hasemi karanga akimaanisha karanga. Karanga ni nini? Ganda moja, punje mbili. Shina moja, matawi mawili. Anazungumzia ule mti wa data tunaofundishwa mwaka wa pili. Anamwambia binti, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba mti umemshinda.

— Mti haujanishinda, alisema Kidole.

— Mtihani wa kwanza ulipata?

Kidole aliikunja tena fomu. Alikuwa ameanguka, na kila mtu pale alijua, kwa sababu alilia hapohapo juu ya ndoo hiyohiyo.

Nusu alijua pia kwa nini alianguka. Alisimamia mtihani ule yeye mwenyewe, akamwona anavyotafuta herufi moja moja kwenye kibodi huku wenzake wakichapa kama mvua juu ya bati. Muda ulikwisha akiwa katikati ya jibu sahihi. Na alijua jingine. Kuna siku aliwapa darasa zoezi la mti, akakosea, akaacha tawi moja limejielekeza lenyewe. Programu za wote zikazunguka bila kukoma. Darasa likalaumu mashine, eti nzito, eti kuukuu. Kidole alichukua penseli, akaufuata mti ule kwenye karatasi tawi kwa tawi, kisha akanyoosha mkono: "Mwalimu, swali lako halina mlango wa kutokea." Mtu wa namna hiyo haambiwi ahame. Anaambiwa aje maabara asubuhi kabla hapajajaa, azoee kibodi. Ni ushauri wa sentensi moja, na programu ya Nusu haikuwa nao, kwa sababu ilisoma alama tu na alama hazisemi mtu alikuwa anatafuta herufi.

— Labda mashine imekosea, alisema, akitazama kikombe.

— Aa, hapo hapana, alisema Wakili. Wewe mwenyewe ulitwambia hapahapa, mashine haikosei, inafanya ilichoambiwa.

— Nilisema hivyo?

— Ukapiga na benchi.

— Basi labda aliyeiambia.

— Mshauri? Profesa alicheka kwa upole, kama mtu anayesamehe ujana. Mtu aliyepelekwa ng'ambo?

Nusu akanywa. Kikombe kilikuwa kimebaki machicha.

— Mimi sina shule, alisema Bi Birika, lakini hapo naona neema. Huyu Mshauri ni mzazi. Amekuona huko hufiki, akakutafutia njia. Karanga. Anakwambia ukauze karanga. Weka meza pale kwangu, kahawa na karanga vinakwenda pamoja, nami nitakupisha upande wa kivuli.

— Bibi, nimekuja kusoma.

— Nani amekukataza kusoma? Utasoma ukiwa umekaa.

— Ninyi nyote mmekosa, alisema Wakili, na sauti ikashuka, jambo lililowafanya wote wasogee. Jiulizeni. Mtu yuko ng'ambo. Hajaonekana. Hana sahihi. Ghafla katikati ya barua ya heshima anatia neno lisilohusika, mara tatu. Hilo ni neno la siri. Huyu mtu anaomba msaada.

— Msaada wa nini?

— Wamemshika. Wamemwambia andika, naye anaandika, lakini ametia alama ili wenye akili wajue.

— Wamemshika wakamlazimisha kushauri wanafunzi? aliuliza Kidole.

— Dunia ina watu wa kila aina.

— Au njaa tu, alisema Bi Birika. Huko kwa watu chakula hakina ladha.

— Hapana, alisema Profesa, aliyekuwa amefumba macho. Sasa naiona. Mshauri hakuandika. Iliandika mashine, na imeanza kutamani. Kwanza hutamani kitu kidogo. Leo karanga.

— Na kesho?

— Kesho shahada. Itanitangulia kuhitimu.

Walicheka, hata Kidole, na Nusu akaona mlango umefunguka. Angeweza kusema sasa, katikati ya kicheko, ikapita kama mzaha mwingine. Alifungua mdomo. Kisha akaona baraza la chuo, meza ndefu, chupa ndogondogo za maji, mkuu wa idara akigeuka polepole kumtazama. Akaufunga. Alijiambia kwamba atakwenda ofisi ya usajili mwenyewe, atazungumza na mtu, atairekebisha kimyakimya. Alijiambia kwamba Kidole hatatia sahihi. Nani anatia sahihi kwa ajili ya karanga?

Kicheko kilipokwisha Kidole alikuwa ametoa kalamu.

— Mimi karanga hazinisumbui, alisema. Mtu anaweza kuteleza mwishoni. Kinachonisumbua ni pale kati. "Kuna waliozaliwa kwa ajili ya kazi nyingine." Hilo hakuliandika mtu ovyo. Huyo alikaa akanifikiria. Na ukoo wote walisema vilevile, na wao na Mshauri hawajuani.



Alilaza fomu juu ya goti. Hapo ndipo alipotokea mwanamke mtu mzima kwenye kona ya jengo, kanga ya kichwani imefungwa kwa uangalifu, mkoba wa ngozi mkononi, miwani ikining'inia kifuani. Wakili alisimama. Profesa akaficha sigara.

— Shikamoo, mhadhiri, walisema karibu kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu, lakini si mhadhiri. Mimi ni mwanafunzi, mwaka wa kwanza. Nilikuwa muuguzi, nimestaafu, nimekuja kujifunza hizi programu. Akatabasamu kidogo, kama aliyekwisha zoea kulieleza jambo hilo. Nimezunguka jengo zima. Nina maswali yangu mawili matatu kuhusu masomo ya kuchagua. Huyo mshauri wenu anakaa chumba gani?

Wakili alinyoosha mkono kuelekea ghorofani, akausimamisha hewani, akaurudisha. Profesa alikuna kidevu. Mtu aliyejua kila kona ya jengo lile, mpaka choo ambacho funguo zake zilipotea, sasa hakujua. Bi Birika aliwatazama mmoja mmoja.

— Miaka yote hii nawakaangia watu kahawa, alisema. Huyo sijawahi kumwona hata akipita.

— Anatuma kwenye simu, mama, alisema Kidole. Mimi ameniandikia nihame.

— Sawa, anatuma. Lakini mtu akitaka kumwona?

— Haonwi.

— Sasa alikupimaje, alisema yule mwanamke, kama hajakuona?

Aliuliza bila ukali, kama muuguzi anavyomuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Kidole alimtazama, kisha akatazama simu. Muda ulikuwa unakwenda. Upande wa pili wa jengo, karani wa usajili alikuwa ameanza kufunga madirisha, yalisikika yakigonga. Kidole alitia sahihi. Jina lile refu lilimchukua muda, babu wa babu akabidi abanwe kwenye ukingo wa karatasi. Akasimama, akakung'uta sketi, akaaga kwa kichwa, akaanza kwenda.

— Kidole.

Nusu alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Kikombe kilikuwa kimeanguka kwenye majani na hakuna aliyekiokota.

— Rudi ukae, dada yangu. Usiipeleke.

— Kwa nini?

— Hakuna Mshauri. Ni mimi. Niliandika programu, nikataka kuona jina refu litakaaje kwenye simu, la kwako ndilo refu kuliko yote. Yale maneno nilijazia tu mstari. Sikukufikiria hata kidogo.

Wakili alivua miwani. Kidole alisimama palepale, fomu mkononi, kidole chake kimetulia.

— Umejua lini kwamba ilinifikia?

Nusu angeweza kusema ndiyo kwanza ameng'amua. Wote wangemwamini, alikuwa mwalimu.

— Tangu uliposoma hapa, alisema. Nilijua kabla hujamaliza kusoma. Nikaendelea kunywa kahawa, nikakuacha utie sahihi.