Salamu Iliyozuia Insulini: Risala ya Waunda Programu wa Kasikeu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Miradi, pamoja na muuguzi wetu, wazazi na majirani, hamjambo.

KARIBU KASIKEU
Mimi ni Kavindu, nasoma kwa niaba ya kikundi chetu. Tunakukaribisha kwa furaha, ingawa utatukuta tumechanganyikiwa.

TULIKOTOKA
Tuliundia zahanati programu ya kuandikisha wagonjwa, kuhesabu dawa na kuwakumbusha watu siku za kliniki kwa ujumbe wa simu. Yote hayo yalikuwa kitu kimoja, tukajivunia hilo. Kisha mwenzetu Mutisya akabadilisha salamu ya ujumbe, kutoka Kiingereza hadi Kikamba. Asubuhi iliyofuata skrini ikasema insulini imekwisha. Muuguzi Gedion aliiamini, akamrudisha Mama Kanini, mgonjwa wa kisukari, nyumbani mikono mitupu. Insulini ilikuwa kwenye friji, jengo la pili. Baadaye majirani walimleta Mama Kanini wamembeba, hajitambui.

"Mimi niligusa salamu tu," Mutisya alirudia tukiwa tumeketi nje ya wodi. Nasi tukajiuliza: salamu na insulini zinajuana wapi?

Tunashukuru Mama Kanini alipona. Yuko nasi hapa, safu ya pili.

TULICHOFANYA
Mwenzetu Yvonne ndiye aliyeona kosa. "Tumeshona kila kitu pamoja," alisema. "Ukivuta uzi huku, kule kunafumuka."

Tukaivunja programu. Sasa kila sehemu inafanya kazi yake peke yake. Ikihitaji kitu kwa nyingine inaomba, haiingii ndani kujichukulia. Bushra, rafiki yetu wa kijiji cha Kanyangi, alichukua sehemu ya ujumbe pekee, na kule inawakumbusha wafugaji chanjo ya mbuzi. Alibadilisha maneno tu, basi.

CHANGAMOTO
Maafisa wako walipokuja walituuliza, "Mfumo wenyewe uko wapi? Hivi ni vipande." Wakasema tuviunganishe viwe kitu kimoja ndipo tusaidiwe. Tuliitikia kwa vichwa, kisha tukarudi darasani tunakofanyia kazi, tukabishana. Wengine wetu wanasema tutii, kwa sababu kompyuta ya zahanati inazimika kila mara na tunahitaji nyingine. Mutisya anasema akiambiwa aunganishe tena, atarudi shambani. Kila upande una haki yake, na sisi hatujui tusimame wapi.

MAOMBI
Tunaomba kompyuta. Tunaomba pia uturuhusu tuviache vipande vilivyo, ingawa tunajua havipendezi machoni. Jumatatu sehemu ya ujumbe ilikufa asubuhi nzima, lakini zile nyingine ziliendelea. Wagonjwa walikuja, wakapewa dawa, wakaenda zao, na hakuna aliyeuliza kitu. Mgeni rasmi, hatujui namna ya kukuonyesha jambo ambalo halikutokea.

Mungu akufikishe salama kwako, na ampe afya kila atakayeingia mlango wa zahanati hii.

Ni sisi wenu,
Kikundi cha Waunda Programu, Kasikeu