Moshi wa Ng'ambo

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile lilikuwa muuza kahawa kupangusa benchi la kijiwe, kitambaa kikatoka cheusi kwa masizi. Watu wakaketi. Profesa, kama walivyomwita, alikuwa mpimaji wa hewa katika kituo cha serikali kilimani. Mkewe alifariki miezi minne nyuma, kifua kimembana. Kijiwe kizima kilimzika, na sasa kilikuwa kinamtafutia mkosaji.

— Shemeji yetu kauawa na moshi wa ng'ambo, alisema Kinyozi. Mitambo yao ya umeme inakula makaa ya mawe mchana na usiku.

— Profesa, moshi unavuka mpaka? Bila pasi? aliuliza Fundi Redio.

— Unavuka. Dioksidi ya salfa. Ni gesi, huioni. Inatoka kwenye bomba la mtambo jioni, alfajiri imeshapita milima, kilomita mia tatu. Ikikutana na ukungu inageuka tindikali.

Wote wakatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, kimya.

— Hapa ulipo, pumzi moja ina moshi wa taa za nchi tatu, akaongeza, taratibu.

— Lo! Tunavuta miji ya watu!

— Ndiyo maana redio zangu siku hizi zinaongea lugha yao!

— Redio tu? Kuku wangu wanaamka kwa saa za ng'ambo! akadakia muuza kahawa.

Walicheka. Hata Profesa alitabasamu. Ilimpumzisha kujua mkosaji yuko mbali.

Dereva wa lori, mwanamke mgeni aliyekuwa amesimama na kikombe chake, akasogea.

— Samahanini, kaka zangu. Mimi natoka huko ng'ambo. Mama yangu naye anakohoa, lakini ni miezi ile upepo unapotoka kwenu. Siku hizo mnapima kiasi gani?

Macho yote kwa Profesa.

Miaka kumi na mmoja, kwa agizo la ofisi, pampu yake ya kuvuta hewa ya kupima iliwashwa upepo ukitoka mpakani tu. Upepo ukitoka kwenye mtambo wa umeme wa nchi yao wenyewe, nao wa makaa, ukipita juu ya mji kwenda ng'ambo, hakupima, alichora kistari tu kwenye fomu. Mkewe alilazwa siku ya kistari.

— Unajua, bwana? Kinyozi alimhimiza.

— Sijui, dada yangu. Hatupimi.

Muuza kahawa alikung'uta birika, lilikuwa tupu.

Asubuhi iliyofuata upepo ulitoka upande wa mtambo wao. Profesa alipanda kilima, akawasha pampu.