Manase Asiyekaa na Vigae vya Mianzi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, na aliye jikoni aongeze sauti ya redio kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Manase wa miteremko ya Mlima Meru, aliyefariki juma lililopita. Wengi wenu mlimjua kwa kitu kimoja: mianzi. Mianzi iliyogeuka mikufu, bangili na hereni mikononi mwa mke wake, Mama Eunike. Manase alikata mianzi, Eunike akaitengeneza. Shikeni hilo, maana kisa chetu kimo humo.

Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani. Manase alikuwa hakai. Jamani, hakai! Ukimkaribisha chai, anainywa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine umeshaelekea kwa jirani. Kanisani alichagua benchi la mwisho, na mchungaji hajamaliza matangazo, yeye ameshatoka kuangalia kama mvua inakuja. Binti yake, Hanna, anasema, "Sisi watoto tulimjua baba kwa mgongo. Ukiona uso wake mchana, ujue amesahau kitu, amekirudia."

Enzi hizo ni za Mwingereza. Kukata mianzi kule juu msituni kulitaka kibali cha Boma, na askari wa misitu hawakuwa na mchezo. Lakini Manase aliipenda kazi hiyo kuliko kahawa yake na migomba yake, kwa sababu ilikuwa na kupanda, na kushuka, na kupanda tena. Alirudi na mzigo begani, matope mpaka magotini, akatulia kwa muda wa kunywa maji tu. Kisha akatoka tena.

Eunike alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikaa nje ya nyumba, akapasua mwanzi, akaukata vigae vidogo vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Alivisugua kwa majani ya msasa mpaka vikateleza. Halafu alichukua waya uliopashwa moto, akachora jani la mgomba, au punje za kahawa, au kilele cha mlima. Alipaka udongo mwekundu na masizi, akatoboa, akatunga kwa uzi wa katani. Katikati ya vigae alitia shanga za rafiki yake Naipanoi, mama wa Kiarusha kutoka Terrat. Pale soko la Arusha wanawake waliigombania mikufu hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwanzi una utamu ndani yake, na bungua, yule mdudu mdogo anayetoboa miti, anaupenda sana utamu huo. Ili asiuguse, mwanzi lazima ulowekwe kwanza. Unalazwa kwenye maji ya mfereji, unakandamizwa kwa mawe, unageuzwa, unalindwa ili wapita njia wasiuchukue kujengea uzio, mpaka harufu yake iishe. Ni kazi ya majuma mengi, tena ni kazi ya mtu wa kukaa. Na Eunike, mwenye mtoto mgongoni, kazi hiyo alimwachia mumewe. Mnaona mambo yanakoelekea.

Ikaja harusi ya Kandida. Kandida alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Kichaga aliyeishi Kimandolu, Mkatoliki, na ukoo mzima wa Kilimanjaro ulikuwa unakuja. Akataka mkufu mpana wa vigae, unaoshuka mpaka kifuani. Eunike alifurahi mno. Akamwambia mumewe, "Baba Hanna, mianzi hii usiitoe majini mpaka mimi niseme."

Manase alikaa mferejini siku chache. Miguu ikamwasha. Akasikia kuna mnada wa ng'ombe bondeni, na yeye hakuwa na ng'ombe wa kuuza wala shilingi ya kununulia. Alitaka kwenda tu. Akaitoa mianzi, akaianika, akampelekea mkewe. "Iko tayari," akasema. Haikuwa tayari. Manase aliitoa mapema, na hakusema. Eunike alimwamini, akaanza kukata.

Siku ya harusi kanisa lilijaa. Kandida alipiga magoti mbele ya altare, na gauni lake jeupe na mkufu wake kifuani. Alipoinuka, kifua kizima kilikuwa na unga wa manjano, kama mtu aliyetoka kusaga mahindi. Bungua alikuwa ndani ya vigae, anakula harusi yake mwenyewe. Mashangazi wa bwana harusi wakaanza kunong'ona, na mmoja hakunong'ona. Alisema kwa sauti, "Huyu mnatupatia ameshaoza?" Kandida akalia mbele za watu wote.

Habari ilifika sokoni kabla ya pilau kuiva. Waliokuwa wamenunua mikufu mingine ya mzigo uleule wa mianzi wakaikung'uta, na kweli, unga. Wakairudisha. Eunike akapewa jina jipya, Mama Unga. Akipita, mtu anajifuta kifua na wenzake wanacheka. Siku moja alirudi nyumbani, akafunga kisu chake na waya wake kwenye kitambaa, akavitupa juu ya uchaga wa kuni. "Nimeacha," akasema. Wala hakulia.

Na Manase? Wasikilizaji, mtu asiyekaa akipata dhambi ya kuficha, hapo ndipo hakai kweli. Alipasua kuni zisizohitajika. Alipalilia kahawa iliyopaliliwa jana. Alipanda mlimani akashuka mikono mitupu. Alipoingia ndani alimkuta Eunike amekaa, mikono juu ya mapaja, haina kazi. Hakuweza kuitazama mikono hiyo, akatoka tena.

Mwishowe alisimama mbele yake. "Mama Hanna, ile mianzi niliitoa mapema. Nikakudanganya."

Eunike akauliza, "Kwa nini uliitoa?"

"Kulikuwa na mnada."

"Ulikwenda kununua nini?"

"Sikununua kitu."

Mama Eunike ametusimulia haya mwenyewe, na anasema hasira iliyompanda siku ile angeweza kuipikia maharage. Lakini alisema maneno machache tu: "Usiniambie mimi. Mimi nakujua. Kawaambie wao."

Sasa fikirini, wakati huo, mwanamume mzima wa Kimeru, mwenye shamba lake la kahawa, asimame sokoni aombe radhi kwa wanawake kwa sababu ya mapambo! Manase alikwenda. Alisimama katikati ya ndizi na viazi akasema mianzi ilikuwa kosa lake, na mke wake hakujua lolote. Walicheka, mmoja akashika nguzo asianguke. Naipanoi peke yake hakucheka. Alimwambia, "Hapa umesema. Na Lemara je? Na kwetu Terrat? Miguu si unayo?"

Basi akaenda. Alikwenda Lemara, akaenda Terrat, nyumba kwa nyumba, kila alikouza Eunike. Kila mlango maneno yaleyale: mianzi ni yangu, kosa ni langu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, kutembea kulimchosha. Nyumba ya Kandida aliiacha ya mwisho, kwa woga.

Kandida alikuwa anachambua mchele. "Shikamoo, Baba," alisema, bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusema—"

"Nimeshasikia unachosema. Kaa."

Manase akakaa kwenye kigoda. Kandida akachambua mchele wote, taratibu, punje kwa punje, na Manase jasho linamtoka. Alipomaliza akasema, "Nimeitwa mwali aliyeoza. Bado naitwa. Mwambie Mama Hanna nataka mkufu mwingine, mpana kuliko ule, nitauvaa mbele ya mashangazi walewale. Na wewe utakaa majini na hiyo mianzi mpaka yeye aseme toka."

Manase aliufikisha ujumbe. Eunike akaenda uchagani, akashusha kile kitambaa.

Ndipo watu wa Meru wakaona kioja. Manase amekaa! Amekaa kando ya mfereji, asubuhi amekaa, mchana amekaa, anageuza mianzi, anakaa tena. Jirani yake Sifael akaja mbio. "Manase, unaumwa?"

"Siumwi. Nimefungwa."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

Macho yake hayakuiacha njia. Lakini hakuondoka. Kila baada ya siku kadhaa Eunike alikuja, akanusa mwanzi, akasema "bado," akarudi. Bado. Bado. Mpaka siku aliponusa akasema, "Toka." Manase akachupa kama ndama aliyefunguliwa, na inasemekana alionekana njia ya Moshi siku ileile.

Kandida aliuvaa mkufu mpya siku ya ubatizo wa mtoto wake. Mashangazi waliukagua kwa vidole, wakajifuta vidole, hakuna kitu. Jina la Mama Unga likafa. Tangu hapo mikufu ya Eunike haikuliwa tena na bungua, na kila mzigo wa mianzi Manase aliukalia mwenyewe, akinung'unika mpaka mwisho. Akiruhusiwa tu, huyoo!

Juma lililopita, msibani, watu walimwomba Mama Eunike aseme neno moja la kumuaga mumewe. Akasema, "Miaka yote nilimwambia, Baba Hanna, tulia. Sasa ametulia. Mimi sitaki."

Mama Eunike, Hanna, na ukoo wote kule mlimani, poleni sana. Hatuna maneno ya kuijaza nyumba hiyo. Mungu awe karibu nanyi.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, huenda nyumbani kwenu yuko mtu anayewachosha kwa pilikapilika zake, anayetoka na kuuacha mlango wazi. Leo akitoka, mwacheni. Msimwambie akae.