Rubani Yuster na Kiti Kilichobaki Wazi Mnyambe

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kurusha helikopta ya huduma ya wagonjwa, Rubani Yuster Filemoni anastaafu tarehe 30 Juni. Tangu tangazo litoke, kituo chetu cha Masasi kimepooza.

Yuster ni binti wa mwalimu wa Chiwata. Miaka ya mwanzo, kila alipotua, wanakijiji walikwenda kumpa mkono fundi wake, Vitalis, wakidhani ndiye rubani. Yuster alicheka tu, akafungua chati zake. Hakuruka bila kuzisoma, kwani ndizo zinazoonyesha uzito ambao helikopta inaweza kuinua kulingana na joto, upepo na mwinuko wa mahali. Kule juu Newala hewa ni nyepesi, na joto la mchana huipunguza nguvu zaidi. Mzigo unaopaa vizuri Masasi unaweza kugoma kule.

Hatutaisahau siku ya Mnyambe, kijiji cha huko huko Newala. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na Mzee Bwanali, ambaye utumbo wake ulikuwa umejisokota, alihitaji upasuaji Mtwara. Mkewe, Mama Abdulrazaki, alishafunga kanga zake tayari kwa safari. Uwanja ulikuwa mdogo, mikorosho pande zote, hivyo helikopta ilipaswa kupanda wima, jambo linalodai nguvu nyingi zaidi. Mafuta yalikuwa ya kufika na akiba tu, hayakuweza kupunguzwa. Yuster alisoma chati, akarudia. Mgonjwa na muuguzi Oliva wangeinuka. Kuongeza mtu mwingine, hapana.

"Shikamoo, mama. Kiti kipo, ila nguvu ya kutuinua sote haipo. Nitakurudia."

"Marahaba. Basi mpeleke, mwanangu."

Jioni ukungu ulifunika uwanda wote, na kesho yake haukuondoka. Mzee Bwanali alipasuliwa, akazinduka, akamuulizia mkewe. Alifariki kabla anga halijafunguka. Yuster ndiye aliyemrudisha nyumbani.

Alipopata likizo alipanda basi hadi Mnyambe, akakaa jamvini na mjane.

"Nilitamani kumshika mkono," Mama Abdulrazaki alimwambia. "Hadi leo natamani. Lakini ungenipakia tukaanguka, asingepata hata nafasi ya kuniulizia."

Aliporudi, Yuster alianza kuzunguka kata kwa kata na viongozi wa vijiji, akitafuta viwanja virefu ambako helikopta ingepaa kidogo kidogo badala ya wima na kubeba uzito zaidi. Safari zilizoweza kusubiri alizipeleka alfajiri, kukiwa na baridi. Leo, kutoka Mkunya na hata Mnyambe, mara nyingi mgonjwa husafiri na mtu wake.

Sasa anakwenda kulima na mumewe, Gerson. Anasema ugumu utakuwa asubuhi ile ya kwanza atakapotusikia tukipita, naye yuko shambani, ameshika jembe. Nasi tutakuwa huko juu, tukitamani sauti yake redioni.

Asante, dada yetu. Uishi salama, ushibe usingizi ulioutoa kwa ajili ya wengine.