Sindano za Bi Kikue

Benchi letu liko nje ya bafu la mtaa, kando ya mashine inayouza kahawa za kopo. Kila alasiri, kabla mlango haujafunguliwa, tunakaa pale na mabeseni yetu mapajani tukibishana mpaka mate yanatukauka. Siku hiyo Bi Kikue alifika kafura. Tangu kiangazi alikuwa akitetemeka na kutokwa jasho, na juzi alianguka jikoni, sukari imeshuka vibaya sana.

— Daktari kaniuliza sindano nimezificha wapi! Eti damu yangu imejaa insulini, kwa hiyo najidunga zile za kisukari alizoacha marehemu mume wangu. Na Yasuhiro, mwanangu wa kumzaa, kapekua makabati yangu! Jumapili ananipeleka nyumba ya wazee.

— Mficha uchi hazai, dada, alisema Mvuke, tunayemwita hivyo kwa kuwa kila siku lazima awe wa kwanza kuingia majini. Kama unajidunga, sema tu.

— Nizae nini na miaka yangu sabini na moja? Sijajidunga, na siendi!

— Basi ni maji ya moto. Sukari inatoka na jasho. Haba na haba hujaza kibaba, chako kimetoboka.

— Wewe unajiloweka kama maharage, mbona hujaanguka?

Profesa akakohoa. Ni fundi saa mstaafu, hajawahi kufundisha hata kuku.

— Ni marehemu mumeo. Alikatazwa vitamu miaka yote ile. Sasa unamwekea keki za mchele kwenye madhabahu ya nyumbani, anazifakamia, halafu anajidunga huko huko aliko. Insulini inakumiminikia wewe. Damu nzito kuliko maji!

— Mume na mke wana damu gani moja, Profesa? nikamuuliza.

— Usinikatize, bwana.

Bi Kikue alitupia peremende mdomoni. Kisha akatoa kichupa kwenye beseni, akameza kidonge kwa kahawa na kumwinamia Profesa kwa heshima.

Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja aliyehamia mtaani wiki ile.

— Samahani, bibi. Hiyo dawa gani?

— Si dawa. Ni zawadi ya Profesa ya kiangazi, ya kulainisha ngozi. Zawadi ya mtu haitupwi.

— Daktari umemwambia?

— Aliuliza dawa. Hii si dawa, ni adabu.

Yule mama akaweka kopo lake chini.

— Mimi pia niliulizwa sindano ziko wapi. Kumbe kinga ya mwili wangu ilikuwa inaikamata insulini yangu mwenyewe, kisha inaiachia kwa mkupuo. Ugonjwa adimu, ila sisi Wajapani unatupenda. Kwangu ulianzishwa na kidonge cha urembo. Hicho chako ndani kina nini?

Sote tukamgeukia Profesa. Alikichukua kichupa, akakigeuza, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha.

— Kina... ngozi, alisema.

Bi Kikue alimpokonya, akasimama.

— Sikimezi tena! Naenda hospitali kubwa sasa hivi. Yasuhiro anikute huko huko, na akishasikia, aniombe radhi mbele ya watu. Nyumba ya wazee akalale yeye!

Mlango wa bafu ukafunguliwa. Mvuke hakuinuka. Profesa aliokota beseni la Bi Kikue, akamfuata nyuma.